Takataka za Mwalimu Maka

Shamso alianza kumwogopa Mwalimu Maka kabla hajamwona hata uso. Binti yake Hamdi, aliyekuwa Gredi ya Nane, alirudi kutoka shuleni mchana mmoja wa jua kali, akavua viatu mlangoni, na badala ya kuuliza chakula akauliza, "Hooyo, maganda ya mayai unayatupa wapi?"

"Kwani mayai yenyewe umeyaona lini katika nyumba hii?"

"Basi majani ya chai. Hayo tunayo. Usiyamwage tena, mwalimu anayataka."

Shamso akasimama na sufuria mkononi. Mwalimu anayetaka majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa mara mbili ni mwalimu wa namna gani? Yeye mwenyewe shule aliiacha darasa la nne, huko Tarbaj, mwaka wa ukame, na tangu siku hizo kila aliyeshika chaki alimtazama kwa heshima na kwa hofu pamoja, jinsi mtu anavyomtazama daktari anapovaa glavu.

"Ni mgonjwa?" akauliza.

"Nani?"

"Mwalimu wenu."

Hamdi akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaeleza. Mwalimu Maka ndiye mwalimu mpya wa kilimo. Siku ya kwanza aliingia darasani na ndoo iliyofunikwa kwa gunia, na harufu ikamtangulia. Alikuwa ametoka kichinjioni. Akawaita watoto wasimame duara, akafunua, akatoa kitu kama mpira mkubwa, cheusi, chenye utelezi. Akauliza ni nini. Mmoja akasema ini, mwingine akasema ndama asiyezaliwa. Mwalimu akachukua mkasi akakipasua, na ndani yake wakaona mifuko ya nailoni, mmoja juu ya mwingine, imesokotana kama nguo zilizokamuliwa. Kulikuwa na wa sukari, wa mkate, na kipande cha kamba ya buluu. Yote ilitoka tumboni mwa mbuzi mmoja.

"Akasema, 'Mbuzi huyu alikufa ameshiba,'" Hamdi akamalizia. "Hakusema kitu kingine, Hooyo. Akatuambia tukanawe mikono."

Usiku huo Shamso alikwenda kwenye zizi lao dogo nyuma ya nyumba akawapapasa mbuzi wake matumbo, mmoja baada ya mwingine, na hakumwambia mtu.

Lakini hofu yake haikuwa ya mbuzi. Hofu yake ilikaa ndani ya nyumba hiyo hiyo, juu ya mkeka, na tasbihi mkononi: mama mkwe wake, Eeddo Kaaha. Bibi huyu alikuwa ameletwa Garissa kutoka Tarbaj baada ya macho yake kuingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi, lakini masikio yake yalisikia mpaka sukari ikiingia kwenye kikombe. Naye alikuwa na neno moja alilolirudia. Huko Tarbaj binti yake Istahil alibaki na mbuzi wengi na hakujaliwa mtoto wa kike. Hapa Garissa kulikuwa na msichana mkubwa, mwenye mikono miwili, anakaa dawatini badala ya kwenda kumchungia shangazi yake.

"Amesoma miaka minane," Eeddo Kaaha alikuwa akisema. "Kwani hicho wanachofundisha hakina mwisho?"

Rage, mume wa Shamso, alikuwa mtu wa njiani. Alinunua mbuzi Tarbaj na kuwaleta soko la mifugo la Garissa kwa lori, akalala nyumbani siku mbili tatu, akarudi. Hakuwa mtu mbaya, lakini mama yake akimwambia jambo mara tatu, la tatu lilikuwa amri. Shamso alihesabu kimoyomoyo, zilikuwa mbili tayari, na Rage akiwepo, kila mara alipoona bibi anafungua mdomo baada ya chakula, yeye alileta maji, au chai, au habari ya mgonjwa fulani, ili ile mara ya tatu isifike.

Ndiyo maana hakutaka kelele yoyote kutoka shuleni. Na Mwalimu Maka alikuwa kelele tupu.

Baada ya majani ya chai zikafuata chupa za maji, zile za plastiki zinazotupwa kila mahali. Kisha matairi, kisha magunia ya sukari yaliyochanika, kisha majani ya mgomba yanayofungiwa miraa, ambayo mbuzi wa mjini huyagombania sokoni. Hamdi alikuwa akirudi ameyabeba kichwani. Jirani yao Bishara, ambaye hakupitwa na kitu, alisimama mlangoni pake akaita kwa sauti ya kusikika njia nzima, "Shamso, abaayo, dada! Rage amekwama wapi na lori, mpaka mtoto anaokota kama chokora?"

"Ni masomo," Shamso akajibu, uso unamwaka.

"Masomo ya jalala! Basi hata korongo wale wa kule jaani wamehitimu."

Mtaa mzima ulishampa mwalimu jina, Mama Takataka.

Shamso akaamua kwenda kujionea. Alichukua jerikeni kana kwamba anatafuta maji, akapita nyuma ya shule, akasimama kwenye ua wa miti ya mathenge ambapo miiba imekamata mifuko ya nailoni mpaka ua unaonekana umechanua maua meusi. Akamwona mwanamke mwembamba, si mrefu, jilbabu ya kahawia iliyopauka mabegani, miguuni amevaa ndara za raba ya gari. Hakuwa amesimama mbele ya watoto. Alikuwa amepiga magoti katikati yao, anatoboa kizibo cha chupa kwa sindano.

"Tundu likiwa kubwa?" aliuliza.

"Maji yataisha kabla ya adhuhuri!"

"Likiwa dogo?"

"Mche utakufa ukingoja!"

"Basi nani ataniambia limetosha?"

Mvulana mmoja mcheshi, Kulow, akasema, "Mche wenyewe, mwalimu."

"Huyu Kulow atanichukulia kazi," mwalimu akasema, na watoto wakacheka, naye akafukia chupa ile kichwa chini kando ya mche wa sukuma wiki. Kulikuwa na mistari mirefu ya miche. Udongo ule Shamso aliujua, ni mchanga mwekundu usioota kitu ila miiba, lakini hapo ulikuwa mweusi, umechanganywa na majivu na samadi na, ndiyo, majani ya chai. Huenda mengine yalikuwa yake. Alisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi kwa jerikeni tupu. Tangu aje Garissa hajapata kuona watoto wa umri ule wakitulia hivyo bila fimbo, na alitafuta fimbo kwa macho kila pembe asiione.

Alirudi nyumbani, na jioni ile akaweka kopo la maziwa ya unga jikoni, akaanza kutia ndani yake majani ya chai.

Sasa likaja lile neno lililoleta balaa. Mwalimu Maka alitangaza siku ya maonyesho, wazazi waje waone. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja cha nyumbani akigeuze kiwe na kazi mpya. Watoto wakauliza, kitu gani? Mwalimu akafikiri kidogo, akasema, "Kitu ambacho hakuna mtu amekigusa tangu Ramadhani."

Ilikuwa kanuni nzuri, rahisi, na ingefaa mji wowote ule. Lakini nyumba za Garissa zimejaa watu waliotoka malishoni, na mtu aliyetoka malishoni ana kitu kimoja au viwili ambavyo havigusi kwa sababu kuvigusa kunamuuma.

Shamso alifika siku ya maonyesho mapema, akakaa nyuma, karibu na mlango. Meza zilipangwa uani. Palikuwa na viti vya matairi vilivyofumwa kamba za magunia. Kulow alikuwa amegeuza chupa ya chai iliyovunjika kioo cha ndani kuwa nyumba ya shomoro, na shomoro mmoja alikuwa ameshahamia. Ikran, rafiki yake Hamdi, alikuwa na mkeka wa mistari ya nailoni uliosukwa vizuri hasa, na akina mama waliugeuza nyuma kutafuta kasoro wasiione.

Halafu akaiona meza ya Hamdi.

Ilikuwa haan ya Eeddo Kaaha. Haan ni chombo kikubwa cha maziwa, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi zilizobanana mpaka hazipitishi kitu, na hii ilikuwa nyeusi na ya kung'aa kwa moshi wa miaka mingi. Ilisukwa na mama yake Kaaha, ikapakiwa juu ya ngamia siku Kaaha alipoolewa, na alipoletwa mjini ndicho kitu pekee alichokataa kukiacha. Ilining'inia ukutani nyuma ya mlango. Haikuguswa tangu Ramadhani. Haikuguswa tangu ije. Na sasa ilikuwa mezani, imejaa udongo mweusi, na miche mitatu ya sukuma imechomoza mdomoni. Hamdi alikuwa ametoboa kitako chake kwa msumari wa moto ili maji yatoke, kama alivyofundishwa. Alisimama kando yake akitabasamu, anamtafuta mama yake kwa macho.

Mwalimu Maka alikuwa akipita meza moja moja. Alipofika hapo alinyoosha mkono kuisifu, na vidole vikagusa ukingo wa haan. Shamso alimwona akisimama ghafla. Aliuzungusha mkono taratibu kwenye msuko, mpaka chini, mpaka kwenye matundu. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Hakumkemea Hamdi. Aliinama akamnong'oneza kitu, akaibeba haan kwa mikono miwili, akaiingiza darasani kivulini.

Shamso alikuwa bado anatafuta la kufanya Bishara alipopita mbio akielekea nyumbani, na buibui lake linapepea.

Shamso alipofika nyumbani, bibi alikuwa ameshajua. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kiganja kimelala juu ya ukuta mtupu.

"Shamso."

"Labeka, Eeddo."

"Wamepanda mboga."

Shamso akavua ndara, akamsogelea.

"Nilikuwa namwekea yeye," bibi akasema. "Siku atakayojenga nyumba yake aikute. Ndiyo sababu sikuigusa, nisije nikaizoea nikaona uchungu kuitoa. Naye ameipandia mboga." Akakaa. "Mpigie Rage. Mwambie aje. Atakaporudi Tarbaj, arudi na mtoto huyo. Akakae kwa Istahil ajifunze vitu vinaitwaje."

Ile mara ya tatu ilikuwa imefika, na Shamso hakuwa na chai mkononi.

Hamdi alilia hata akakosa sauti. Shamso akataka kwenda shuleni kumwambia mwalimu maneno makali. Alikuwa ameyapanga, ameyanoa. Lakini kabla hajavaa ndara, hodi ikasikika. Ni Mwalimu Maka, peke yake, na haan kifuani. Alikuwa ameiosha udongo wote. Miche aliihamishia kwenye jerikeni la mafuta lililokatwa, akaliweka kando ya mlango.

Akatoa salamu, akajibiwa kwa ufupi.

"Wewe ndiye wa takataka?" Eeddo Kaaha akauliza.

"Ndimi, Eeddo."

"Na mimi nimeingia katika takataka zako lini?"

"Leo," mwalimu akasema. "Mimi ndiye niliyekuingiza. Niliwaambia watoto walete kitu kisichoguswa tangu Ramadhani. Hamdi alifanya kama nilivyosema. Kosa si lake."

"Unaijua hii?"

"Naijua."

"Ungeijua usingeiacha itobolewe!"

"Sikuiona mpaka imekwisha kutobolewa. Lakini neno lililoitoa ukutani ni langu."

Shamso, aliyekuwa amesimama pembeni na maneno yake makali, akaona hayana pa kutumika tena. Alitegemea mwalimu atasema mtoto hakusikia vizuri. Walimu wote aliowajua wangesema hivyo.

Bibi akanyoosha mikono. Akapokea haan, akaipapasa kitako, akatia kidole katika kila tundu, akinung'unika. "Basi izibe. Kwa mizizi, si kwa nailoni yako. Kisha tutie maziwa alfajiri, tuitazame alasiri. Ikishika, msichana abaki na chaki yenu. Ikivuja, atapanda lori."

"Mizizi nitaipata wapi hapa mjini, Eeddo?"

"Rage ataleta." Na bibi akaomba simu, akazungumza na mwanawe kwa sauti ya juu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Chimba mizizi ya kusukia, mingi! Na kwenye lori uache nafasi ya mtu mmoja!"

Mizizi ikaja na dereva aliyetangulia, imefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, nayo ikanukia nchi ya malisho baada ya mvua. Kila siku baada ya masomo Mwalimu Maka akawa anakuja, anakaa mkekani, haan mapajani, shazia, ile sindano nene, mkononi. Watoto nao wakaja. Kwanza Ikran, kisha Kulow, kisha nusu ya darasa, wakajaza ua mpaka mbuzi wakakosa kivuli. Wao ndio waliochana mizizi kwa meno na kuisokota mapajani mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Nani alikufundisha?" bibi aliuliza siku ya kwanza, baada ya kusikiliza uzi ukivutwa.

"Mama yangu. Huko Bute."

"Ndiyo maana. Watu wa Bute mnasuka kama mnakimbia mvua. Fumua."

"Yote?"

"Kwani ulisuka mingapi? Fumua! Na ulegeze mkono, unaukaba uzi utadhani umekuibia."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu wao akafumua, na yeye pia anacheka. Siku ya pili akafumuliwa tena. Siku ya tatu bibi akapapasa msuko, akasema, "Huo uliopita haukuwa mbaya." Kulow akapiga makofi, akafukuzwa akachote maji.

Ni katika nyuzi hizo Shamso alipomjua Mwalimu Maka, kidogo kidogo, akipita na birika. Familia yake walikuwa wafugaji wa kule Bute. Ukame uliwamaliza, wakahamia pembeni mwa mji na mbuzi jike mmoja tu, aliyekuwa akiwanywesha maziwa ndugu zake wadogo. Mjini hakukuwa na majani. Palikuwa na upepo, na upepo ulileta mifuko. Mbuzi yule alivimba, akaacha kula, akafa. Baba yake alipompasua kutafuta ugonjwa ndipo walipouona mfuko.

"Mama yangu hakulia ukame," mwalimu alisema, macho yake kwenye uzi. "Ukame ni wa Mwenyezi Mungu. Lakini ule mfuko alikuwa ameutupa yeye mwenyewe. Aliujua kwa fundo alilolifunga."

Bishara, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi na kukawia, akachukua mzizi akaanza kuuchana.

"Baadaye shangazi akanichukua Wajir, nikasoma. Usukaji nikauacha hapo. Mkono wa kulia unakumbuka. Wa kushoto umesahau."

"Utakumbuka," bibi akasema. Kisha, kama aliyejishtukia, "Vuta, usiongee."

Darasani nako kanuni ilibadilika. Mwalimu hakuificha; aliwaeleza watoto wote alivyokosea, akafuta ile ya Ramadhani ubaoni. Sasa mtoto kabla hajabeba kitu lazima akae na mkubwa wa nyumba, amuulize kilitoka wapi na nani alikitengeneza. Ikran alikwenda kuuliza juu ya sanduku bovu la bati, akarudi na habari za babu aliyelibeba kichwani kutoka Mandera, na bila sanduku. Mwalimu akampa alama zote.

Rage alifika na lori siku ya kuamkia soko. Alfajiri, baada ya swala, Eeddo Kaaha alisimamia mwenyewe. Hamdi aliwasha kijinga cha mti wa kufukizia, akaingiza makaa ndani ya haan, akaitikisa, moshi ukatoka mdomoni mweupe na mtamu mpaka mtaa wote ukajua. Kisha maziwa ya ngamia yakamiminwa. Haan ikawekwa juu ya mkeka kivulini, na bibi akakaa kando yake na tasbihi.

Siku ile Shamso alifunga sanduku la Hamdi, akalifungua, akalifunga. Alitia kitabu kimoja cha kilimo chini ya nguo, akakitoa. Rage alirudi kutoka sokoni, akala, akakaa mlangoni akichokonoa meno, hataki kumtazama mtu.

Ilipokaribia alasiri Shamso akaenda kuangalia. Macho yake ndiyo yaliyokuwa kazi yake siku zote, nayo hayakumdanganya. Chini ya kitako cha haan, upande wa ukuta, mkeka ulikuwa na doa. Dogo, kama kucha ya kidole gumba. Alipokuwa akitazama, tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka.

Bibi alikuwa amekaa hatua moja tu kutoka hapo, uso wake ameuinua, haoni kitu. Shamso akakaa chini taratibu, akasogeza upindo wa dera lake ukafunika lile doa.

Mwalimu Maka akaingia na watoto wake. Akasalimu. Akapiga magoti mbele ya haan, akaitazama, kisha akautazama upindo wa nguo, kisha akamtazama Shamso. Shamso alimrudishia macho. Alimwomba kwa macho yale kila kitu ambacho mama anaweza kuomba bila sauti.

Mwalimu akamgeukia bibi. "Eeddo," akasema, "imevuja. Kidogo tu, upande wa ukutani. Lakini imevuja."

Hamdi akajifunika uso. Shamso alimchukia mwanamke yule, kwa muda wa pumzi moja, kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

"Najua," Eeddo Kaaha akasema. "Naisikia tangu adhuhuri. Tap. Tap. Nikasikia na huyu akija kukaa juu yake kama kuku."

Rage akakohoa. Kulow akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Kwani mlitaka nini?" bibi akaendelea, sasa anamkasirikia kila mtu. "Mizizi mipya haishiki siku ya kwanza! Lazima inywe, ivimbe. Ya mama yangu ilivuja mpaka tukahama nayo malisho mawili. Inataka kufukizwa kila asubuhi, na kutiwa maziwa, na kumwagwa, na kufukizwa tena. Nani atafanya? Mimi nisiyeona makaa? Huyu Shamso wa kukalia?" Akaelekeza uso upande wa kilio. "Hamdi! Unafukiza kabla ya kwenda shule, si baada. Ukichelewa ni juu yako na mwalimu wako wa Bute."

Rage akauliza, polepole, "Mama, na ile nafasi niliyoiacha kwenye lori?"

"Pakia miche ya mwalimu. Na chupa za kutoboa. Istahil naye ale mboga, kwani amekosa nini?"

Ua mzima ukapasuka kwa vicheko. Shamso aliinuka, dera lake limelowa maziwa nyuma, wala hakujali.

Alimsindikiza mwalimu mpaka njiani. Alitaka kumwomba radhi kwa ile pumzi moja, na kumwambia kwamba Hamdi asingepata mwalimu mwingine wa kusema kweli wakati uongo ungemwokoa. Maneno yalikuwa makubwa kuliko mdomo wake. Basi akamwambia asubiri, akakimbia jikoni, akarudi na lile kopo la maziwa ya unga, limejaa mpaka juu majani ya chai, yamekauka vizuri.

Mwalimu Maka akalifungua, akanusa, akalikumbatia pamoja na vitabu vyake.

"Na maganda ya mayai, je, abaayo?" akauliza.

"Hayo, mwalimu," Shamso akasema, "bado kwanza tupate mayai."